Boti ikilala nchi kavu msimu wa mvua: upepo, chumvi au mashine?

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Machi, niliifunika boti yangu kwa turubai jipya la bluu, nikakaza kamba kila upande kama mtu anayefunga mzigo wa pikipiki, kisha nikashika njia kwenda kwetu Tanga. Nilirudi Juni. Kamba ya kwanza ilipolegea tu, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Majaketi ya kuokolea niliyoyaacha na rangi ya chungwa yalikuwa na mabaka ya kijani. Mito ya viti ilikuwa na vidoa vyeusi, utadhani mtu kainyunyizia pilipili manga. Mlango wa kabati la chini ya usukani ulikuwa umevimba, haufunguki wala haufungiki. Na turubai? Halikuvuja hata tone.

Mzee mmoja, fundi wa mitumbwi pale ufukweni Entebbe, alichungulia ndani akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii umeipika. Umeifunga majani kama matoke."

"Lakini Mzee, maji hayakuingia."

"Yaingie ya nini? Si uliyafungia ndani mwenyewe."

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue mashine ya kukausha hewa au vile vikopo vya chumvi, namwambia hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: boti yako unaifungua ipite upepo, au unaiziba? Kila kifaa kinachouzwa kinafanya kazi upande mmoja tu wa swali hilo. Ukiwasha mashine huku matundu yako wazi, unajaribu kukausha Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, nzima. Ukiziba bila kukausha, unapika matoke.

Tahadhari moja kabla ya kulinganisha. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wanaolaza boti zao wakati wa baridi kali ya Ulaya au kaskazini mwa Marekani. Hofu yao ni maji kuganda ndani ya injini, ndiyo maana hita zinasifiwa mno. Anayefanana nasi ni mtu wa Florida, ambako kiangazi ni fukuto na mvua za alasiri. Sisi tuna vipindi viwili vya namna hiyo, Machi hadi Mei, halafu tena kuanzia Septemba mpaka Desemba inapoingia.

Maji yenyewe ni mengi kiasi gani?

Hapa wengi hukosea, nami nilikosea, kwa hiyo vumilia hesabu kidogo. Hewa ya nyuzi 27 ikijaa kabisa hubeba takribani gramu 26 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 18 hubeba 15 na kitu. Sasa chukua mchana wa Entebbe wenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 75, hapo hewa ina gramu 19 hivi. Usiku chumba cha boti kikipoa hadi nyuzi 18, gramu 4 zinakosa pa kukaa, zinageuka matone chini ya dari. Chumba cha mita 10 za ujazo kitatoa gramu 40. Hivyo ni vijiko vitatu vya mezani, na cha tatu hakijajaa.

Ni kidogo, sivyo? Lita moja iliyobaki kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, ni sawa na usiku 25 wa namna hiyo. Mto wa sponji uliolowa unaweza kuficha lita nzima, ukiubonyeza juu juu unauona mkavu. Kamba ya nanga iliyokunjwa mbichi na kusukumwa kwenye sanduku lake la omo, yaani mbele ya boti, ni kisima kingine. Kwa hiyo, chochote utakachochagua, ndoo na kitambaa vinatangulia. Inua omo juu ya magogo ili maji yote yateremke kuelekea tezi, yaani nyuma, chomoa kizibo cha chini, ubandike kipande cha wavu kwenye tundu lake ili panya wasipite. Fungua vibao vya sakafu ufute hadi kwenye pembe. Mito, majaketi, kamba, mazulia, vyote vitoke viende nyumbani. Kazi ya asubuhi moja, na inashinda mashine yoyote niliyowahi kuiona.

Kufungua: paa na upepo

Kama una nafasi ya kusimamisha nguzo nne na mabati, sioni sababu ya kuanzia pengine. Angalia nyasi asubuhi: za uwanjani zinalowesha suruali hadi magotini, za chini ya mwembe ni kavu. Umande haudondoki kutoka juu kama mvua. Kitu kilicholala wazi chini ya anga hupoteza joto lake usiku mpaka kikawa baridi kuliko hewa inayokigusa, na hewa hiyo inaacha maji yake hapo. Sitaha ya faiba iliyo wazi inapoa hivyo hivyo, na upande wake wa ndani unatoa jasho. Ukiiwekea paa, paa ndilo linalotazama anga na kulowa, boti inabaki na joto lililo karibu na la hewa. Mabati peke yake, bila waya wala mtambo, yanaondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Baada ya paa ni upepo, nao ziwa linautoa bure. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Basi elekeza boti kwenye mstari huo, omo likitazama maji au likiyapa mgongo, usiilaze ubavu. Fungua mlango wa mbele na wa nyuma, maana tundu moja peke yake halipitishi hewa. Kabati zote ziwe wazi, vibao vya sakafu viegemezwe.

Shida zake ni za hapa hapa kwetu. Wavu wa mbu ni lazima, vinginevyo wale wadudu wa ziwani, ambao Waganda huwaita sami, wataingia kwa wingu zima na kuoza ndani, na uvundo wao ni mbaya kuliko wa ukungu. Lakini wavu huo huo wanauziba. Siku mbili baada ya wingu lao kupita, tundu linakuwa kama limepigwa plasta nyeusi, na hewa imekata. Lazima mtu apite na brashi. Nyigu nao hupenda vitundu vidogo, hasa kile cha kupumulia tangi la mafuta, wanakijenga udongo ndani ya wiki. Na usipoacha mteremko kwenye paa au turubai, kaloli, wale korongo wakubwa wa majalalani, watakugeuzia jukwaa. Sihitaji kueleza wanaacha nini.

Kikomo cha njia hii ni kwamba ndani hakutakuwa kukavu kuliko nje. Asubuhi ya Aprili, hewa ya ufukweni imejaa karibu kabisa, na ukungu huanza kujisikia nyumbani pale unyevu unapokaa juu ya asilimia 70 kwa muda mrefu. Hewa inayotembea inachelewesha, inakausha kilicholowa, inaondoa harufu. Haikupi ukavu wa kabati la nguo. Mtu mwenye redio, vifaa vya kupimia kina na godoro zuri ndani ya chumba, na asiyetaka kuvihamisha, hatatosheka.

Feni ndogo ya jua inasogeza mambo mbele. Feni ya volti 12, ya aina inayopozea kompyuta, inakula wati mbili au tatu tu. Paneli ya wati 20 na betri ndogo vinaiendesha mchana na usiku. Ifunge itoe hewa, isiingize, na iwe upande wa juu. Feni zinazouzwa zikiwa zimeungwa na paneli bila betri hulala jua likizama, yaani zinapumzika saa ile ile matone yanapoanza. Si mbaya, ila ujue unanunua nusu ya kazi.

Kuziba na kuweka mashine

Upande wa pili wa mizani ni boti yenye chumba, vitanda na mbao zilizopigwa vanishi, iliyolazwa mahali penye umeme na mlinzi. Hapo mashine ya kukausha hewa inashinda, tena kwa mbali.

Ziko aina mbili. Ya kompresa inafanya kama friji: inapoza hewa, maji yanadondoka, hewa kavu inatoka. Ya pili ina gurudumu lenye dawa inayonyonya unyevu, na hita inayoikausha tena. Hiyo ya pili inapendwa Ulaya kwa sababu kompresa huzembea kwenye baridi. Kwetu sifa hiyo haina mnunuzi. Utalipia umeme zaidi na kupashwa joto usilolitaka. Chukua ya kompresa bila kusita. Jambo la kufurahisha ni kwamba lita zinazoandikwa kwenye boksi, tuseme 12 kwa siku, mara nyingi hupimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Mzungu anasoma takwimu hiyo na hajawahi kuipata. Wewe wa Ggaba au Jinja unaikaribia.

Gharama ipigie hesabu mwenyewe. Mashine ya wati 250 ikifanya kazi saa 8 kwa siku inakula yuniti 2, yaani 60 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya yuniti kwenye mita yako. Ukishaziba vizuri na kukausha mwanzo, saa hizo zinapungua, kwa sababu hakuna maji mapya. Iweke kwenye asilimia 55 au 60. Kuibana hadi 35 ni kuchoma yuniti bure na kuzipasua mbao.

Sasa yale ambayo muuzaji hakuambii. La kwanza ni umeme kukatika. Nyingi za kubonyeza vitufe haziwaki zenyewe umeme ukirudi; zinakaa kimya zikisubiri kidole chako, na wewe uko Kampala umeridhika. Nunua yenye swichi ya kuzungusha, au iliyoandikwa wazi kwamba inajiwasha yenyewe, na ukifika nayo nyumbani ijaribu kwa kuichomoa na kuichomeka. La pili ni ndoo yake. Ya lita mbili itajaa siku ya kwanza, mashine itajizima. Unga mpira kwenye tundu lake la nyuma, uupitishe kwenye sinki hadi nje. La tatu ni Yaka, umeme wa kulipia kabla, kuisha ukiwa safarini, na hilo sina dawa yake zaidi ya kumuachia mlinzi namba ya mita.

Na kuziba ni kuziba kweli. Matundu yote yafunikwe kwa nailoni na utepe, kizibo cha chini kirudi baada ya ngama kukauka, milango ifungwe. Ukikuta mashine inanguruma wiki ya pili bila kupumzika, kuna tundu umelisahau.

Vile vimashine vidogo visivyo na kompresa, vya ukubwa wa jagi la chai, vipite tu. Vinatoa robo lita hivi kwa siku vikiwa katika hali nzuri, na kwa chumba cha boti hiyo ni huruma, si kazi.

Vinavyokunywa maji: chumvi, jeli, makaa

Hapa pana bei nafuu na imani nyingi.

Vikopo vya dukani vyenye punje nyeupe ni kloridi ya kalisi. Inakunywa kweli: kilo moja huvuta zaidi ya lita moja ya maji kabla ya kuchoka, na haihitaji umeme. Kwa kabati moja, au chumba kidogo kilichozibwa, inafaa. Ndani ya boti iliyo wazi inajaa siku chache, maana inakunywa hewa ya ziwa. Kasoro yake ni ule mchuzi unaobaki chini ya kopo, chumvi kali inayokula alumini, nyaya na chuma chochote itakachokigusa. Faida moja kubwa ya kukaa ziwani ni kwamba maji yetu hayana chumvi. Inauma kuileta mwenyewe kwa kopo na kuimwaga kwenye betri. Kama utaitumia, kopo likae ndani ya beseni pana, beseni likae sakafuni, na mtu apite kila wiki. Kamwe usilitundike juu ya injini.

Wapo wanaojaza sahani chumvi ya kawaida, wengine wanaleta ya Katwe kutoka Kasese kwa kuwa ni rahisi. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji hewa inapopita asilimia 75 hivi. Chini ya hapo haifanyi kitu, na ikishuka hewa ikakauka inayarudisha yale iliyoyanywa. Yaani inakusaidia mpaka kwenye unyevu ambao ukungu bado unaupenda. Mchele ni hadithi. Acha uliwe.

Silika jeli haina mchuzi. Inashika takribani theluthi ya uzito wake, halafu unaikausha kwenye oveni na kuitumia tena. Kwa chumba kizima ni ghali na kidogo, lakini ndani ya sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na redio, taa za dharura na karatasi za boti, hakuna kinachoishinda. Mimi ninayo moja ya rangi, ikibadilika najua imeshiba.

Makaa yanahitaji kutetewa na kusahihishwa kwa pamoja. Hayakaushi boti. Yanapunguza harufu, na kwa kazi hiyo kikapu cha makaa makavu kinastahili nafasi yake. Ila harufu ikiondoka huku ukungu ukibaki umejidanganya, kwa hiyo kwanza futa kwa siki iliyochanganywa na maji, anika, ndipo ulete makaa.

Balbu na hita nitazipitia kwa haraka. Kuwasha balbu ya zamani ya wati 60 ndani ya chumba kunapandisha joto na kushusha unyevu kidogo, wala hakuondoi tone. Balbu za siku hizi za kuokoa umeme hazina hata joto la kutosha. Na kuacha kitu cha moto peke yake karibu na petroli, mimi sithubutu.

Turubai lipi?

Nilipolaumu turubai langu la bluu sikulitendea haki. Kosa lilikuwa jinsi nilivyolifunga. Plastiki haipumui. Likilala moja kwa moja juu ya sitaha, linashika jasho hapo hapo. Weka mti mrefu kutoka omo hadi tezi kama mgongo wa hema, litupie juu yake, na kingo zake ziishie kiganja kimoja au viwili mbali na mbavu za boti, huku omo na tezi pakiachwa wazi. Kanvasi nzito inapumua na kudumu, bei yake nayo inakata pumzi. Ukiwa na paa, hata turubai la bei ya chini linatosha kwa vumbi. Bila paa, funga kamba ukikumbuka dhoruba za alfajiri zinazotoka ziwani. Turubai lililolegea litajaa maji katikati, na uzito wake nimeona ukikunja vyuma vya kivuli cha boti.

Mbao ni habari nyingine

Yote hayo ni ya faiba. Mwenye mtumbwi wa mvule au mbao nyingine asiyafuate kichwa kichwa, kwa sababu mbao zikikauka kupita kiasi zinasinyaa, maungio yanaachana, na siku ya kushusha chombo kinakunywa kama ungo. Kwetu pwani chombo kilichopandishwa kinapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na kukalafatiwa, yaani kuzibwa maungio, na chumvi ya bahari yenyewe inazuia kuvu wa kuozesha. Ziwani kinga hiyo hakuna. Maji ya mvua yaliyotuama ndani ya mtumbwi ndiyo yanayoozesha mataruma, zile mbao za mbavu za ndani, kutoka chini, pale usipopaona. Kwa hiyo mbao zinataka kivuli na hewa, tundu la chini wazi, jua kali mbali. Mashine, hapana kabisa.

Basi uchague

Boti ya wazi, isiyo na chumba, popote ilipo: paa, omo juu, kizibo nje, vitu vyote nyumbani. Usinunue kingine.

Boti yenye chumba, Entebbe, Munyonyo au Jinja, umeme upo na mtu wa kuitazama yupo: ziba, weka kompresa yenye mpira wa kutolea maji. Ukisita kwa sababu ya gharama, nunua kwanza kipimaunyevu kidogo cha dijitali, ukiache ndani wiki mbili. Kikisoma 65 asubuhi, huna haja ya mashine. Kikigota juu ya 80 kila ukitazama, unayo.

Boti yenye chumba kwenye kisiwa ambako umeme ni wa jua tu: paa na feni yenye betri, masanduku ya silika kwa vifaa, vikopo vya kloridi ndani ya makabati mawili au matatu yaliyofungwa, lakini tu kama mtu atapita kuvimwaga. Kama hakuna wa kupita, viache dukani.

Anayeondoka wiki tatu asijisumbue kama anayeondoka miezi mitatu. Kwake kitambaa, upepo na turubai lililoinuliwa vinatosha.

Injini ya nje, kwa ufupi, isimame wima ili maji yake yote yadondoke, na tangi ama lijae ama liwe tupu kabisa; nusu tangi ni hewa nyingi ya kutoa jasho ndani ya petroli yako.

Yangu sasa iko chini ya mabati, feni inazunguka, kizibo nimekifunga kwa kamba kwenye usukani ili siku ya kuishusha nisije nikajifanya nimesahau. Mito iko nyumbani, juu ya kabati la chumbani, na mke wangu ameshauliza mara mbili itaondoka lini.